Kuanguka Bila Kufika Chini: Historia ya Mvutano na Vituo vya Anga

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi ya kuandika programu za watu ilikuwa imenibana kweli kweli. Leo nimerudi na kisa kilichonikosesha usingizi, na aliyekianzisha ni mtoto wa shule ya msingi.

Jumapili moja mpwa wangu alikuja kunitembelea. Tukawa tunatazama video ya wanaanga walio ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Mmoja anacheza na tone la maji lililoviringika kama gololi, mwingine anapita kichwa chini miguu juu kama popo. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, mbona hawaanguki?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Kule juu hakuna nguvu ya mvutano." Nina digrii ya sayansi ya kompyuta, na fizikia niliipita vizuri tu. Jibu lilinitoka kama maji ya bomba.

Akanitazama kidogo. "Kama hakuna mvutano, mbona mwezi hauendi zake?"

Nikanyamaza. Mwezi uko mbali mara mia kadhaa kuliko kile kituo, na bado dunia imeushika.

Usiku huo nikakaa kwenye kompyuta nikaandika programu fupi, mistari arobaini hivi. Kila hatua programu inapiga hesabu ya mvutano, inabadilisha kasi ya chombo, kisha inakisogeza. Kwa makusudi nikaiwekea jibu langu la mchana: ukipita kilomita 100 juu, mvutano ni sifuri. Nikaiendesha. Kidoa changu cha kituo kikachora mstari ulionyooka kama rula, kikatoka nje ya skrini na hakikurudi tena. Kwa jibu langu nilikuwa nimewapoteza wanaanga wote.

Nikaufuta ule mstari mmoja wa programu. Mvutano ukarudi, na kidoa kikaanza kuizunguka dunia kwa utulivu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili, na nilichokiona nitakisema mapema ili tusipotezeane muda. Hakuna mtu aliyewahi kuukimbia mvutano kwa kupanda kwenye kituo cha anga. Watu walijifunza kuanguka bila kufika chini. Baadaye wakagundua kwamba kuanguka huko kuna deni, na anayelilipa ni mwili.

Mzinga juu ya mlima

Tuanze na Isaac Newton, yule Mwingereza. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kuna mchoro wa mlima mrefu sana, na hoja yake ni rahisi. Rusha kitu kutoka kileleni kwa kasi ndogo, kitaanguka karibu. Ongeza kasi, kitaanguka mbali zaidi. Endelea kuongeza, na itafika kasi ambayo kitu kinaanguka, lakini ardhi nayo inazidi kupinda na kukikwepa, kwa sababu dunia ni mviringo. Hapo kitu kile kitaanguka na kuanguka mpaka kirudi pale kilipotoka, bila kugusa chini.

Sasa tuweke hesabu za leo. Kituo cha Kimataifa kiko kilomita 400 hivi juu yetu. Huo ni umbali mfupi kuliko barabara ya kutoka Nairobi hadi Mombasa! Kama ungeweza kujenga ngazi ya urefu huo na kusimama juu yake, mvutano ungekuwa bado takriban asilimia 88 ya ule wa hapa chini. Mtu ambaye mizani ya hapa inamsoma kilo 70 ingemsoma kilo 62 kule. Asingeelea hata kidogo. Akiteleza kwenye ngazi hiyo, tunamkosa.

Kinachotofautisha kituo na ile ngazi ni mwendo. Kituo kinakwenda karibu kilomita 7.7 kila sekunde. Kwa kasi hiyo unaruka kutoka Nairobi hadi Mombasa kabla dakika moja haijaisha, na unaizunguka dunia yote kwa dakika 90 na ushei. Kila sekunde kituo kinaanguka zaidi ya mita nne kuelekea chini. Katika sekunde hiyo hiyo, dunia nayo imepinda kwa kiasi hicho hicho. Basi umbali haupungui.

Na kwa nini waliomo ndani wanaelea? Fikiria lifti ya ghorofa ndefu iliyokatika kamba. Wewe unaanguka, sakafu inaanguka, na mizani ya bafuni iliyo chini ya miguu yako inaanguka pia, vyote kwa kasi moja. Mizani itasoma sifuri, kwa sababu hakuna kinachokukandamiza juu yake. Mvutano upo, ila uzito huusikii. Mwaka 1907 Albert Einstein, akiwa bado mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern, alilitafakari jambo hili: mtu anayeanguka huru hauhisi uzito wake mwenyewe. Baadaye alisema hilo lilikuwa wazo la furaha kuliko yote maishani mwake, na kutoka hapo alijenga nadharia yake kuu ya mvutano.

Gurudumu ambalo halikujengwa

Nilidhani kuelea kulikuwa ajabu iliyowashangaza wanaanga wa kwanza. Kumbe watu walikwisha kuipigia hesabu kabla hata ya ndege kuvumbuliwa. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule aliyekuwa na matatizo ya kusikia tangu utotoni, aliandika mwaka 1883 juu ya maisha mahali ambapo uzito hauhisiwi. Pia alitoa dawa yake: zungusha chombo, na waliomo ndani watasukumwa kwenye ukuta wa nje kana kwamba ni sakafu. Ni kama ndoo ya maji unayoizungusha kwa mkono bila maji kumwagika.

Baadaye mhandisi Herman Potočnik, mzaliwa wa Pula aliyekuwa ofisa katika jeshi la Austria-Hungaria, alichora kituo kizima chenye umbo la gurudumu. Kitabu chake kilitolewa Berlin mwishoni mwa mwaka 1928, na mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 1952 Wernher von Braun alilipeleka gurudumu hilo kwa umma wa Marekani kupitia gazeti la Collier's: lilikuwa na upana wa mita 76 hivi na lilizunguka polepole. Watu wengi waliamini kwamba kituo cha anga kitakuwa hivyo.

Mbona basi hatukulijenga? Nilipiga hesabu mwenyewe. Ukizunguka haraka, watu wanashikwa na kizunguzungu, hivyo tuseme mizunguko 2 kwa dakika. Ili kupata uzito kamili kama wa hapa nyumbani, unahitaji gurudumu ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 224. Upana wake wote ni kama majengo manne ya KICC yaliyolazwa yakafuatana, na bado kuna masalio. Nani angelipandisha hilo juu kwa roketi?

Jaribio dogo lilifanyika mwezi Septemba 1966. Wamarekani Charles Conrad na Richard Gordon, wakiwa ndani ya Gemini 11, walikifunga chombo chao kwa kamba ya mita 30 na roketi tupu ya Agena, kisha wakavizungusha vyote viwili taratibu. Kulipatikana uzito mdogo mno, ambao mtu asingeweza kuuhisi mwilini. Baada ya hapo, wazo la gurudumu likabaki kwenye michoro na filamu.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Wanasayansi wengi walitaka kuelea kwenyewe. Kama lengo ni kuchunguza moto, maji au chembe hai zikiwa hazina uzito, kurudisha uzito ni kuharibu maabara.

Mwili unatoa ushahidi

Wa kwanza kulipa lile deni alikuwa German Titov. Mwezi Agosti 1961, akiwa na umri wa miaka 25, aliizunguka dunia mara 17 kwa muda wa siku moja na zaidi kidogo. Alishikwa na kichefuchefu na kutapika. Sikio la ndani, ambalo hutuambia juu ni wapi na chini ni wapi, lilikuwa limepoteza dira.

Lakini kichefuchefu huisha baada ya siku chache. Tatizo kubwa lilionekana mwezi Juni 1970. Warusi Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walikaa karibu siku 18 ndani ya Soyuz 9, chombo chembamba kisicho na nafasi ya mazoezi ya maana. Waliporudi hawakuweza kusimama vizuri. Misuli yao ilikuwa imelegea, moyo ulikuwa umesahau kupandisha damu kichwani, na ilibidi wasaidiwe kutoka ndani ya chombo. Siku 18 tu! Ni rahisi kulielewa: mfupa na msuli ni kama mfanyakazi anayelipwa kwa kubeba mzigo. Ukiuondoa mzigo, mwili unaona hakuna haja ya kuendelea kumlipa.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili 1971, Warusi walirusha Salyut 1, kituo cha anga cha kwanza katika historia, na safari hii waliweka mashine ya kukimbilia. Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev waliishi humo kwa zaidi ya majuma matatu. Walifariki mwishoni mwa Juni wakirudi nyumbani, baada ya hewa kuvuja ndani ya chombo chao. Mvutano haukuhusika, lakini siwezi kuwapita kimya.

Wamarekani walifuata na Skylab mwezi Mei 1973. Makundi matatu yaliishi humo siku 28, 59 na 84, na mwili ulipimwa kama haujawahi kupimwa. Hapa kuna swali ambalo msomaji wa ukurasa huu atalipenda: utampimaje mtu uzito mahali ambapo mizani inasoma sifuri? Walimkalisha kwenye kiti chenye springi na kukiacha kitikisike mbele na nyuma. Mtu mnene hutikisika polepole, mwembamba haraka. Pima muda, piga hesabu, umepata kilo zake. Uzito umepotea, lakini mwili wenyewe haujapungua, na springi inalijua hilo.

Katika Skylab hiyo hiyo walipelekwa buibui wawili, Arabella na Anita. Wazo lilitoka kwa msichana wa shule, Judith Miles wa jimbo la Massachusetts. Je, buibui ataweza kutanda utando bila kujua chini ni wapi? Tando za kwanza zilikuwa ovyo kabisa. Baada ya muda mfupi Arabella akazoea na kutanda vizuri. Mwanadamu naye alionekana kuzoea, ila mifupa yake iliendelea kukonda.

Warusi walilisukuma jambo hili hadi mwisho ndani ya kituo cha Mir. Daktari Valeri Polyakov alipanda Januari 1994 na kurudi Machi 1995, jumla ya siku 437 mfululizo. Hadi leo hakuna aliyekaa zaidi kwa safari moja. Alifanya mazoezi kila siku kama anayedaiwa. Alipotua, alitembea kwa miguu yake kutoka kwenye chombo hadi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Zilikuwa hatua chache tu, lakini zilijibu swali lililoachwa na Soyuz 9.

Kuishi ndani ya lifti inayoanguka

Kituo cha Kimataifa kilianza kujengwa mwaka 1998, na tangu Novemba 2000 hakijawahi kukosa mtu hata siku moja. Masomo yote ya Salyut, Skylab na Mir yamo humo. Kila mwanaanga anatengewa takriban saa mbili za mazoezi kwa siku. Anakimbia akiwa amefungwa mikanda inayomvuta kwenye mashine, la sivyo hatua ya kwanza itamrusha darini. Asipofanya hivyo, mfupa wa nyonga unaweza kupoteza zaidi ya asilimia moja kila mwezi. Na hata akifanya, kuna mengine: damu na maji ya mwili hupanda kichwani, uso unavimba, na baadhi yao wamerudi macho yao yamebadilika.

Kwetu sisi watu wa kompyuta, kuna jambo lililonigusa. Hapa nyumbani hewa ya moto hupanda kwa sababu ni nyepesi. Kule hakuna nyepesi wala nzito. Kompyuta isiyo na feni ingejizungushia joto lake lenyewe hadi iungue. Mwali wa mshumaa hauchongoki, unakuwa duara. Na mtu akilala mahali pasipo na feni, hewa chafu anayoitoa inaweza kukusanyika usoni pake. Ndiyo maana kituo kina mvumo wa feni mchana na usiku. Nasi tunaolalamika juu ya kelele za feni za kompyuta zetu tushukuru!

Mvutano hausahau

Kama bado una shaka kwamba mvutano uko kule, muulize Skylab. Hata kwenye urefu wa mamia ya kilomita kuna hewa hafifu sana, na hewa hiyo hupunguza mwendo wa chombo kidogo kidogo. Mwendo ukipungua, ile hesabu ya Newton haitimii tena. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jua lilichemka kuliko ilivyotarajiwa, hewa ya juu ikatanuka, na Skylab ikaanza kushuka. Tarehe 11 Julai 1979 ilianguka, vipande vikatawanyika katika Bahari ya Hindi na magharibi ya Australia. Halmashauri ya Esperance huko Australia iliwaandikia Wamarekani faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa takataka.

Miezi michache kabla yake, Aprili 1979, kulikuwa kumeanguka setilaiti nyingine ambayo sisi tuna haki ya kuikumbuka. Jina lake Uhuru. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota.

Kituo cha Kimataifa nacho kinateremka kila wakati, na injini huwashwa mara kwa mara kukirudisha juu. Mpango uliopo ni kukiangusha kwa makusudi katika Bahari ya Pasifiki mwanzoni mwa muongo ujao. Mir ilishushwa huko mwaka 2001.

Swali lililobaki

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia wasiwasi. Watu wanapanga kwenda Mars. Safari ni miezi sita au zaidi ya kuelea, kisha utue kwenye sayari yenye mvutano wa asilimia 38 tu ya wetu. Nikolayev na Sevastyanov walipotua, kulikuwa na watu wa kuwashika mkono. Polyakov aliwekewa kiti. Mars hakuna wa kukuwekea kiti.

Je, hiyo asilimia 38 inatosha kulinda mifupa? Hakuna anayejua. Tunajua asilimia 100 ni nini, na tunajua sifuri ni nini. Katikati ni giza. Wajapani walikuwa wanaijengea NASA chumba kizima chenye mashine kubwa ya kuzungusha wanyama ili swali hili lipate jibu, na mwaka 2005 mradi ukafutwa. Mwaka 2016 walifuga panya 12 ndani ya maabara yao ya Kibo kwa siku 35. Sita walielea, sita walizungushwa kwenye mashine ndogo iliyowapa uzito kamili. Waliozungushwa walirudi na mifupa yao, walioelea walikonda. Tsiolkovsky alikuwa sahihi, walau kwa panya. Kwa mtu, lile gurudumu bado linasubiri.

Na nimalizie kwa kijisanduku. Mwezi Mei 2018, kutoka maabara hiyo hiyo ya Kibo, ilitolewa setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iitwayo 1KUNS-PF. Ni mchemraba wenye upana wa sentimita 10, unaotosha kwenye kiganja. Haikudondoka kama jiwe lililoachiwa dirishani. Ilisogea taratibu pembeni ya kituo, kwa sababu ilikuwa tayari inaanguka pamoja nacho, kwa kasi ile ile. Baadaye ile hewa hafifu iliipunguza mwendo, ikashuka na kuungua.

Nilimwonyesha mpwa wangu picha yake, na nikamwomba radhi kwa jibu langu la kwanza. Nikamwambia, "Wanaanguka, mwanangu. Wanaanguka kila sekunde. Ila dunia inawakwepa."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mwezi nao unaanguka?"

Naam. Mtoto wa shule ya msingi, jamani. Tukutane wiki ijayo tukijaliwa.